Mwaka Tuliokatazwa Kutaja Nyumbani

Mwezi uliopita Nafula alipita Dubai akiwa safarini. Alikuwa na nusu siku ya kungojea ndege nyingine, nikaenda kumchukua uwanjani ili tukale Deira. Kabla chai haijafika mezani tulikuwa tumeshakosana. Nilikuwa nimesema neno moja tu kuhusu barabara mpya ya kwetu, naye akavua miwani na kuiweka kando ya sahani kama mtu anayejiandaa kupigana. "Chebet, wewe na serikali yako," akasema. "Watu wanalala njaa, wewe unaniambia lami." Nikamjibu kwamba lami hailiwi, lakini gari la wagonjwa hupita juu yake. "Gari gani? Lile lisilo na mafuta?" Kijana Mganda aliyekuwa akituhudumia akainama na kutuuliza kwa upole kama tungependa meza mbili. Tulicheka mpaka watu wakageuka. Sisi wawili hatujawahi kumpigia kura mtu mmoja, na sidhani kama tutawahi. Nilipomrudisha uwanjani alinikumbatia, akanisukuma, akaniambia nipunguze chumvi, akaingia ndani bila kugeuka nyuma.

Wasichana wa ushirika wetu huniuliza swali moja kila siasa za kule nyumbani zinapochemka. Wananiuliza, dada Chebet, utampendaje mtu anayemtaka kiongozi yule yule unayemwogopa? Wanauliza wakitegemea niwape aya ya Biblia. Aya wanazijua kunishinda. Basi huwa ninawakalisha, ninawamiminia chai, na ninawaeleza habari za mwaka mmoja tulioishi mtaa wa Al Baraha, hapa Dubai, mimi na Nafula, katika chumba kimoja. Huwa ninawaonya mapema kwamba si hadithi ya kufurahisha. Ule ulikuwa mwaka ambao kwa miezi kadhaa sikuona mlango wowote wa kutokea, na sikuwa na hakika kama Mungu alikuwa akitusikia au alikuwa amezima simu.

Chumba chenyewe kilikuwa ndani ya nyumba ya Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyefika Dubai zamani na kukodisha vyumba vyake kwa wasichana kama sisi. Vitanda vilikuwa vya ghorofa, kila kimoja kimezungushiwa pazia la shuka, na ndani ya pazia ndiko kulikokuwa kwako: taa ndogo, chaja, picha za nyumbani, viatu vya kazi chini ya godoro. Kiyoyozi kilinguruma mchana kutwa. Jikoni tulipikia sufuria moja, kwa zamu. Mtu wa zamu alisonga ugali, akakaanga mboga aliyoinunua kwa Mkenya mwenzetu aliyeuza sukuma wiki mtaani, na mtu akitoka likizo akarudi na omena, Bi Zuhura alisimama mlangoni akiwa ameziba pua kwa upindo wa kanga. "Nyie watu wa bara, jamani! Hivi vidagaa vyenu vitanifukuzisha na mwenye nyumba!" Kisha alirudi baadaye na kibakuli, akaomba vichache aonje. Mimi nilikuwa mlinzi katika jengo moja la ofisi huko Jumeirah Lakes Towers, na Nafula alikuwa msafishaji katika jengo hilo hilo. Tulipanda basi moja la kampuni, tukarudi na basi moja, tukala sahani moja. Kitanda chake kilikuwa juu ya changu.

Pia alikuwa mwenzangu wa maombi, na hapo lazima nieleze, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Katika ushirika wetu hakuna mtu aliyejiombea kwa sauti. Kila mmoja alipewa mwenzake. Wiki nzima mlielezana shida zenu, na siku ya ibada, mbele ya wote, mimi niliitaja shida yako na wewe ukaitaja yangu. Siku hizo mapumziko ya hapa yalikuwa Ijumaa, kwa hiyo Jumapili yetu ilikuwa Ijumaa. Wageni walipojiunga nasi waliuona utaratibu huo ni wa ajabu, lakini baada ya muda waliupenda. Mtu anayeomba juu ya shida yake huipamba, huongeza hapa na kupunguza pale. Anayeomba juu ya shida ya mwenzake hana budi kuielewa kwanza. Nafula aliniombea mguu wangu uliovimba kwa kusimama mlangoni kutwa. Mimi nilimwombea aache kumwota msimamizi wake akimpigia kelele. Tulikuwa na shida ndogo ndogo, na tulizijua zote.

Mwaka wa uchaguzi ulipoingia, mwanzoni ulikuwa mchezo. Damaris, aliyelala upande wa dirishani, alikuwa upande wangu, na alipenda sana kumchokoza Nafula. "Mtu wenu akishinda, nitautafuna huu mwiko," akasema siku moja akisonga ugali. Nafula hakuinua hata kichwa. "Anza kuuloweka basi, ulainike." Tulicheka sote. Lakini kadiri siku zilivyosogea, simu zilianza kuleta maneno mazito zaidi, sauti za watu tusiowajua wakitutajia nani atatufanya nini, na kicheko kikapungua. Ikawa mtu akisoma ujumbe anaufunika kwa kiganja. Wawili wakinong'ona, wa tatu akiingia wanaanza kuzungumzia hali ya hewa. Siku moja nilikuta sufuria ya pili juu ya jiko. Hakuna aliyesema ni ya nani, lakini wote tulijua, maana upande mmoja ulipika katika ile ya zamani na upande mwingine katika mpya. Mimi na Nafula tulikula kwenye zote mbili kwa muda, mpaka tukaanza kutazamwa.

Mzee wetu wa ushirika, Elija, alikuwa mlinzi wa siku nyingi aliyeheshimiwa hata na Waarabu. Alituona tunavyokwenda, akaogopa. Hakuwa mtu mbaya, na wasichana ninawaambia hivyo kila mara. Alisimama Ijumaa moja akasema, "Siasa tuliiacha kule tulikopandia ndege. Hapa ni ugenini. Neno moja likitoka nje ya mlango huu, kafeel aliyetudhamini akalisikia, sote tunarudishwa. Kuanzia leo, khalas, imekwisha. Hakuna kutaja mtu, hakuna kutaja chama." Tukasema amina kwa moyo wote, kwa sababu tulikuwa tumechoka. Wiki iliyofuata akaongeza kwamba tusitaje miji, kwa kuwa kwetu ukitaja mji mtu ameshaijua kura yako. Basi maombi yetu yakawa ya ajabu. Watu waliombea "mahali fulani" na "wale ndugu wa upande ule". Tuliamini kwamba huo ndio upendo. Tuliamini kwamba tukinyamaza vya kutosha, tutakuwa tumependana.

Matokeo yakatangazwa, mtu wetu akashinda. Katika chumba chetu hakuna aliyeshangilia na hakuna aliyelia, si kwa sauti. Siku chache baadaye nilikuwa nimelala baada ya zamu ya asubuhi, nikahisi kitanda cha juu kikitikisika. Nilidhani Nafula anatafuta chaja. Kisha nikaona mkono wake umening'inia, umeshika simu. Nikapanda ngazi na kuingiza kichwa ndani ya pazia lake. Akaniambia kwa sauti ndogo sana kwamba Simiyu, mdogo wake wa mwisho, alitoka na wenzake kwenda kuandamana na hajarudi. Wenzake wawili walirudi. Hawakujua alikokwenda baada ya risasi kuanza kulia. Nikauliza ni mji gani, akanitajia. Yeye alikuwa ananitazama machoni. "Kaka yako yuko wapi?" akaniuliza. Kiprono, kaka yangu, alikuwa polisi. Kikosi chao kilikuwa kimepelekwa huko huko. Nikamwambia, "Yuko huko." Nafula akalivuta pazia taratibu mpaka likafunika uso wake, nami nikabaki nimesimama kwenye ngazi kama mtu aliyekatiwa simu.

Alijaribu kurudi nyumbani. Ofisi ya kampuni yake, ambayo ndiyo iliyokuwa imeshika pasipoti yake, ilimwambia likizo ni hadi mkataba utimie. Alieleza kwamba ndugu yake amepotea, wakamuuliza kama amekufa. Akasema hajui. "Ukijua, njoo," wakamwambia. Akashuka akashika deki yake, akapangusa sakafu za ofisi za watu huku mimi nikimwona kupitia kioo cha mlangoni, akirudia kipande kile kile. Nyumbani, baba yao alizunguka hospitali mpaka akachoka. Kituoni kwa polisi hakuthubutu kukanyaga, kwa sababu waliokwenda kuuliza habari za vijana wao waliwekwa ndani na wao.

Ijumaa ikafika, na shida ya Nafula ilikuwa juu ya ulimi wangu. Akanishika kiwiko tukiwa bado nje. "Usiseme." Nikamuuliza niseme nini basi. "Sema nina homa. Ukisema alipotea, watauliza alipotelea wapi. Ukisema wapi, ni siasa. Mzee ameshakataza." Nikasema homa, kwa kuwa ilikuwa shida yake na yeye ndiye aliyeamua itajwe vipi. Watu wakasema amina kwa nguvu. Jioni waliporudi kutoka matembezini walimletea ndimu, tangawizi na vidonge vya homa, kila mtu cha kwake, wa sufuria ya kwanza na wa ya pili. Bi Zuhura alichemsha uji wa pilipili manga. Nafula alikaa kitandani katikati ya dawa hizo zote, akawashukuru mmoja mmoja, na walipotoka akaniuliza, "Chebet, hii ni huruma ya kufanyia nini?" Walimpenda, hilo lilionekana wazi. Walimpenda kwa ugonjwa ambao hakuwa nao, kwa sababu tulikuwa tumejifungia nje ya ule aliokuwa nao.

Nilimpigia Kiprono. Ilichukua siku kumpata, na alipopokea, sauti yake ilikuwa ya mzee. "Uko salama?" nikamuuliza. "Sijavua viatu tangu juzi," akasema. "Wanatupiga mawe kutoka kwenye mapaa. Mwenzangu ameumia jicho. Wewe uko kwenye ubaridi wa Dubai, unataka nini?" Nikamweleza habari za Simiyu. "Chebet, unajua unaniomba nini? Nikianza kuuliza habari za mwandamanaji, wataniuliza mimi ni wa nani." Nikamwambia ninajua. Akasema, "Nipe jina kamili na picha. Na alama yoyote ya mwilini. Sitoi ahadi." Nilipomfikishia Nafula maneno hayo alinitazama kana kwamba nilikuwa nimemtemea mate. "Nimpe polisi picha ya mdogo wangu? Kama amejificha mahali, si ndio watammalizia?" Nikamwambia Kiprono si mtu wa namna hiyo. "Unamjua akiwa nyumbani," akasema. "Akiwa na bunduki unamjua?" Nilitaka kukasirika. Lakini nilipojiuliza kwa haki, sikuwahi kumwona kaka yangu akiwa na bunduki.

Zikapita siku ambazo sipendi kuzikumbuka. Nafula hakula. Alikwenda kazini, akarudi, akaingia ndani ya pazia. Siku moja Damaris alimwachia chapati juu ya mto. Asubuhi zilikuwa pale pale, zimekauka. Nilipomwambia Nafula tuombe, aliniambia nimwombe mwenyewe huyo Mungu, kwa sababu yeye kila akifumba macho anaona barabara ya kwao na viatu vimetapakaa. Mimi nilikuwa ninamwogopea yeye, ninamwogopea Simiyu, ninamwogopea Kiprono, na ninaogopa zaidi lile jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitaja, kwamba huenda hofu zote hizo tatu zilikuwa kitu kimoja.

Ijumaa iliyofuata sikumuuliza Nafula niseme nini, na yeye hakunishika kiwiko. Zamu yetu ilipofika nikasimama. Nikasema, "Mungu, Nafula hana homa. Ana mdogo wake anaitwa Simiyu." Nikautaja mji. Nikasema alitoka kuandamana kwa sababu aliamini wameibiwa kura. Nikasema, "Mimi siamini kwamba waliibiwa, wewe unajua, lakini yeye aliamini, naye hajarudi. Na kaka yangu mimi ni polisi katika mji huo huo, sijui amefanya nini." Nikasikia viti vikisogezwa. Sauti ya Elija ikasema, "Dada Chebet, khalas. Khalas!" Mtu mwingine nyuma akasema, "Mwacheni amalize." Mwingine akasema, "Amalize nini? Ametuletea polisi mpaka kanisani!" Wengine walitoka nje. Nikamaliza kwa kuomba Simiyu aonekane, nikaketi. Nilipogeuka, kiti cha Nafula kilikuwa kitupu. Nilijua nimempoteza.

Nilimkuta kwenye basi la kampuni la zamu ya jioni, kiti cha nyuma kabisa. Nikasimama kwenye kijia nisijue kama niketi. Akasogeza mkoba wake. Tulikwenda mwendo mrefu, yeye akitazama majengo. Kisha simu yangu ikalia ndani ya mfuko. Alikuwa amenitumia picha ya kijana mwembamba mwenye fulana ya mpira wa miguu, anacheka, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Chini yake aliandika jina kamili, na kwamba ana kovu la moto juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, aliangukia jiko la makaa akiwa mdogo. "Ulisema huamini tuliibiwa," akaniambia. "Ulisema mbele ya Mungu na watu." Nikasema ndiyo. "Angalau hukunidanganya," akasema. "Mpelekee kaka yako."

Kiprono alimpata. Hakuwa amejificha. Alikuwa katika chumba cha maiti cha hospitali ambayo baba yao alifika akafukuzwa mlangoni, amelala pale bila jina. Kiprono aliingia akiwa na sare, ndiyo maana hakuzuiwa, na alimtambua kwa lile kovu. Aliponipigia alikuwa analia, na mimi sikuwahi kumsikia kaka yangu akilia tangu tuzaliwe. "Si mimi, Chebet," akasema. "Sikuwa upande ule wa mji. Sema unaniamini." Nikamwambia ninamwamini. Nilimwambia hivyo kwa kuwa ni kaka yangu, na kwa kuwa asingeweza kukata simu bila kusikia neno hilo. Kama ninajua kweli? Wasichana huniuliza hapo. Ninawaambia sijui, na kwamba kutojua nimezeeka nako.

Nafula alikuwa jikoni anasuuza vikombe. Aliponiona uso alifunga bomba. Nilitamka jina la Simiyu tu. Aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea friji, akatoa sauti iliyowaleta wote. Damaris alikuja akapiga magoti, akamshika miguu. Bi Zuhura alikuja kichwa wazi, kitu ambacho hatukuwahi kukiona, akakaa naye chini, akamlaza kifuani, akawa anasema, "Lia mwanangu, lia," na mmoja wetu alipomwambia Nafula ajikaze, Bi Zuhura alimfukuza jikoni. Mimi niliponyoosha mkono, Nafula alisema, "Wewe usiniguse. Si kwa ubaya. Usiniguse tu." Nikasimama karibu na jiko, lililokuwa na sufuria zote mbili, nisijue nikae wapi.

Kampuni ilikataa tena, safari hii kwa kuwa walikuwa na upungufu wa watu. Simiyu alizikwa na Nafula akatazama kupitia simu, picha ikikwama kila mara. Wiki hiyo hiyo alihama. Alisema hawezi kulala juu ya kitanda changu akinisikia ninaongea na Kiprono. Nikambebea begi hadi chini, akapanda teksi na binamu wa Damaris aliyekuwa na nafasi katika chumba chao. Nilidhani yameisha. Lakini Ijumaa alikuja ibadani akaketi kando yangu, pale pale pake. Elija alikuwa amesimama mbele, amekonda, akaomba radhi kwa ushirika kwa kutufunga midomo, kisha akashindwa kuendelea na kuketi. Zamu yetu ikafika. Shida yangu wote waliijua, na mwenye kuitaja alikuwa Nafula. Nilimnong'oneza kwamba anaweza kuiruka. Akasimama.

"Mungu," akasema, "kuna mtu anaitwa Kiprono." Watu wakaanza kukohoa. "Kama ni yeye, unajua la kumfanya. Kama si yeye, mrudishe kwa mama yake. Mimi sina zaidi." Akaketi. Akatoka kabla ya chai, hakuniaga. Ijumaa iliyofuata alirudi, akasema maneno hayo hayo, akatoka. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki mpaka mwaka ukaanza kuisha. Hatukupigiana simu, basini tulikaa viti tofauti, na mara nyingi niliona afadhali asije kuliko kuja hivyo. Lakini hakukosa hata ibada moja, na kila nilipomsikia akilitamka jina la kaka yangu, nilimsikia akihangaika nalo kama mtu anayetembea juu ya changarawe bila viatu.

Kisha, karibu na Krismasi, zamu yetu ilipofika hakusimama mara moja. Alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu siku ile ya jikoni, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Ninarudia maneno yale yale," akaninong'oneza. "Siwezi kuendelea kumwombea mtu nisiyemjua. Niambie kitu. Chochote, si cha kazi."

Nikatafuta. Watu wote walikuwa wanatungoja.

"Anaogopa mbwa," nikasema.

"Polisi?"

"Hata wadogo. Hupita njia ndefu."

Akanitazama kidogo zaidi. Kisha akasimama, akafumba macho, akamweleza Mungu hata hilo.